Sura ya Saba: Taa Nyekundu ya Breki

Mara nyingi huanza kwenye kona. Gari linapinda kushoto, au linashuka mteremko, taa nyekundu inawaka kwa sekunde moja au mbili kisha inazima. Barabara ikinyooka, hakuna kitu. Kesho yake inawaka tena palepale. Dereva anakanyaga breki, zinashika, hakuna mlio wala mtetemo, basi anaamua kwamba kuna waya umelegea au sensa imechoka, maana gari lenyewe lina umri wa miaka kumi na tano na lilikwisha kutumika sana Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Wiki zinapita hivyo.

Nia yangu katika sura hii ni kumtoa dereva huyo kwenye dhana yake. Taa inayowaka konani na kuzima tambarare ina sababu, na ni nadra sababu hiyo kuwa waya. Fungua boneti uangalie upande wa dereva, nyuma kabisa karibu na kioo. Utaona kikopo cha plastiki nyeupe isiyong'aa, kimekaa juu ya masta silinda. Humo ndimo yalimo mafuta ya breki, na ndani yake kuna boya dogo lenye sumaku. Mafuta yakitosha, boya linaelea juu. Yakipungua, boya linashuka nayo mpaka sumaku inaifikia swichi iliyo chini, saketi inafunga, taa inawaka. Sasa chukua kikopo ambacho mafuta yake yameshuka hadi karibu na alama ya MIN. Gari likiwa limesimama sawa, boya bado liko juu ya swichi, ila kwa nafasi ndogo sana. Likikata kona, mafuta yanakimbilia upande mmoja, boya linazama kidogo, taa inawaka. Kona ikiisha, mafuta yanarudi na taa inazima. Kwa hiyo taa inayopepesa haijaharibika. Imeona mapema, na siku chache au wiki chache zijazo itawaka bila kuzima.

Swali linalofuata ndilo muhimu kuliko yote katika sura hii: mafuta yamekwenda wapi?

Injini inaweza kula oili, petroli huisha, maji ya kusafishia kioo huisha. Mafuta ya breki hayaliwi. Yamefungiwa ndani ya mabomba, mipira na silinda, na kazi yake ni kubeba msukumo wa mguu wako kutoka kwenye pedeli hadi magurudumuni. Yakipungua kwenye kikopo, ama yamesogea kuelekea kwenye magurudumu na kubaki huko, ama yametoka nje ya mfumo. Hakuna njia ya tatu.

Njia ya kwanza hutokana na kulika kwa pedi. Pedi mpya ya gari dogo huwa na unene wa takriban milimita 10. Kila inapolika, pistoni iliyo ndani ya kalipa hutoka nje kidogo zaidi ili kuifuata diski, na nafasi inayoachwa nyuma ya pistoni hujazwa na mafuta kutoka kwenye kikopo. Kilomita maelfu zinapita, pedi zinakonda, kikopo kinashuka. Waliounda mfumo huu walilijua hilo, na umbali kati ya alama za MAX na MIN umezingatia kiasi hicho cha kushuka. Kama mfumo ulijazwa hadi MAX siku pedi mpya zilipofungwa na hakuna mahali panapovuja, basi kikopo kinapokaribia MIN pedi nazo zinakaribia kwisha. Dereva anakuwa na kipimo cha pedi zake bila kufungua gurudumu.

Na kipimo hicho ndicho kinachoharibiwa kila siku kwenye vituo vya mafuta na gereji za pembeni mwa barabara. Mazungumzo yake nimeyasikia mara nyingi mno.

"Fundi, hii taa inanisumbua, hebu niangalizie."

"Bosi, hapa mafuta tu yamepungua. Naongeza kidogo, taa inazima."

"Ongeza basi, nina safari."

Chupa inafunguliwa, kikopo kinajazwa, taa inazima, bosi anaondoka ameridhika. Pedi zilizobaki na milimita mbili zimebaki na milimita mbili. Shahidi pekee aliyekuwa tayari kusema amezibwa mdomo, na hatasema tena mpaka chuma cha pedi kianze kusaga diski. Hata hapo huwa ni kelele inayozungumza, taa imenyamaza. Hasara nyingine hutokea baadaye: pedi mpya zikifungwa, pistoni husukumwa ndani, mafuta yote yaliyokuwa nyuma yake hurudi juu, na kile kilichoongezwa humwagika kutoka kwenye kikopo. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Ukiona rangi imebambuka kuzunguka masta silinda ya gari unalotaka kununua, jua kuna mtu aliwahi kuongeza bila kuuliza.

Njia ya pili, kuvuja, ni ya hatari zaidi na haina subira. Kwa magari madogo mengi ya Kijapani yaliyopo barabarani kwetu, yenye diski mbele na dramu nyuma, mahali pa kwanza pa kutazama ni magurudumu ya nyuma. Ndani ya dramu kuna silinda ndogo ya gurudumu, na sili zake zikizeeka mafuta hupenya na kulowesha breki shuu. Ukipitisha kidole upande wa ndani wa tairi ukakuta unyevu unaoteleza, usio na harufu ya petroli, umeshapata jibu. Tazama pia mipira inayounganisha mabomba ya bodi na kalipa za mbele, hasa pale inapojikunja usukani unapogeuzwa. Mpira uliopasuka juu juu kama udongo wa kiangazi hauna muda mrefu. Angalia na juu ya pedeli yenyewe, ndani ya gari: masta silinda inayovuja kwa nyuma huingiza mafuta kwenye buta, kile chombo kinachouongezea mguu wako nguvu, na kwa nje huoni tone hata moja. Gari la gia za mkono lina jambo moja la ziada, kwamba baadhi ya magari hayo hutumia kikopo kimoja kwa breki na klachi, hivyo taa ya breki inaweza kuwashwa na klachi inayovuja.

Kabla ya kulaza mgongo chini ya gari, lakini, angalia hendibreki. Taa hii ileile huwaka hendibreki ikiwa imevutwa, hata kwa hatua moja tu. Kwenye baadhi ya Toyota Noah na magari mengine ya familia, hendibreki ni pedeli ndogo ya mguu wa kushoto, na mtu aliyezoea ya mkono huisahau. Ukiendesha hivyo kwa kilomita kadhaa utasikia harufu ya kuungua kutoka nyuma, na breki shuu zitakuwa zimeharibika kwa joto. Wakati mwingine hendibreki imeachiwa kabisa ila swichi yake ndogo imekwama. Inyanyue, ishushe, tazama. Hilo halichukui dakika.

Yapo pia magari ambayo taa haiwaki kabisa, na hayo ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Ukizungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, taa nyekundu ya breki lazima ionekane pamoja na zile za oili, betri na ABS. Ndivyo gari linavyojipima. Taa isiyoonekana hapo imekufa, au imezibwa kwa makusudi ili gari liuzike. Vuta hendibreki injini ikiwa inaunguruma: isipowaka hapo pia, usilipe hata shilingi moja ya malipo ya awali mpaka fundi unayemwamini aifungue dashibodi. Ni jambo la bure, linafanyika papo hapo kwenye yadi, na wanunuzi wengi hawalifanyi kwa sababu kitabu cha gari kimeandikwa kwa Kijapani na hakuna aliyewaambia.

Taa ya njano yenye herufi ABS ni habari nyingine. Ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, isipokuwa ule msaada wa kuzuia magurudumu yasijifunge umezimwa. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka 1978 kwa Bosch na Mercedes-Benz, na leo uko hata kwenye Vitz. Unaweza kwenda na taa ya njano hadi gereji kwa uangalifu, ukijua kwamba kwenye lami yenye maji gari linaweza kuteleza ukikanyaga kwa nguvu. Lakini zikiwaka zote mbili, nyekundu na njano kwa pamoja, usiichukulie kama hitilafu ndogo mbili. Kwa magari mengi maana yake ni kwamba hata ugawaji wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umepotea. Ukikanyaga ghafla, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari likageuka mkia mbele. Kwa magari ya haibridi kama Prius na Aqua, ambayo msukumo wa breki unategemea pampu ya umeme, taa hizo zikija pamoja na mlio usiokoma, simama mahali salama uite gari la kukokota.

Ni haki kuuliza kwa nini gari linaweza kuvuja mafuta yote ya upande mmoja na bado likasimama. Magari hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Duesenberg ya Marekani ilitoka mwaka 1921 ikiwa na breki za haidroliki kwenye magurudumu yote manne, wazo lililotokana na kazi ya Malcolm Loughead, na kwa miongo mingi baada ya hapo magari yalikuwa na njia moja tu ya mafuta. Mpira mmoja ukipasuka, breki zote zinaondoka. Mwaka 1962 Cadillac ilianza kufunga masta silinda yenye sehemu mbili, na Marekani ikaufanya mpangilio wa njia mbili kuwa lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1968, pamoja na taa ya kumwonya dereva njia moja ikifa. Taa unayoiona kwenye dashibodi yako ni mzao wa sheria hiyo. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hugawa njia hizo kimshazari: mbele kushoto na nyuma kulia, mbele kulia na nyuma kushoto. Njia moja ikivuja, pedeli inashuka chini kuliko kawaida na gari linasimama kwa umbali mrefu zaidi, lakini linasimama. Zawadi hiyo ni ya kukufikisha pembeni mwa barabara. Haikutolewa ili umalizie safari ya Dodoma.

Taa, hata hivyo, inapima kiasi cha mafuta tu. Haipimi ubora wake, na hapa ndipo magari yetu yana udhaifu ambao karibu hakuna anayeuzungumzia. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu huingia taratibu kupitia mipira na mfuniko, na kwa mtu anayeishi Tanga, Unguja au Lamu hewa yenyewe imejaa maji mwaka mzima. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 takwimu hizo ni 230 na 155. Japani gari binafsi hukaguliwa miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na ni desturi ya mafundi wa huko kubadilisha mafuta ya breki katika ukaguzi huo. Likishafika kwetu, desturi hiyo inabaki Japani. Gari linatembea miaka sita, saba, na mafuta yaleyale yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi, huku taa ikiwa imezima kwa sababu kikopo kimejaa.

Mshushe dereva wa gari hilo kutoka Lushoto kwenda Mombo. Tofauti ya kimo ni karibu mita 1,000. Gari la kilo 1,300 likishuka kimo hicho linatoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 35 za maji yaliyokuwa vuguvugu. Sehemu ya nishati hiyo inachukuliwa na upepo na injini. Dereva anayeshuka na nyutro ili kubana petroli huinyima injini sehemu yake yote, na joto karibu lote huenda kwenye diski na dramu, kisha kwenye kalipa, kisha kwenye mafuta. Yakichemka, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu unasukuma, pedeli inazama, gurudumu halipati kitu. Inawezekana kabisa taa isiwake. Baada ya nusu saa kando ya barabara kila kitu kinapoa, pedeli inarudi juu, na abiria wanaambiwa twendeni, imepona. Haijapona. Mafuta hayo yanatakiwa kumwagwa yote. Kwenye Kitonga na kwenye mteremko wa kuingia Mai Mahiu ni vivyo hivyo kwa gari dogo. Malori makubwa yana breki za upepo, ambazo zina geji na vionyo vyake.

Sasa, taa imewaka na uko barabarani. Ondoa mguu kwenye mafuta, kisha jaribu pedeli kwa upole wakati bado una nafasi mbele yako. Jaribio hilo ndilo litakaloamua yote yanayofuata. Pedeli ikiwa ngumu na iko juu kama kawaida, punguza mwendo, toka pembeni, kagua hendibreki, fungua boneti utazame kikopo. Ikiwa mafuta yako karibu na MIN na hakuna unyevu popote, unaweza kwenda polepole hadi gereji iliyo karibu, na uende kupima pedi. Kuongeza mafuta kusiwe ndiko kulikokupeleka. Pedeli ikishuka nusu au ikiwa laini, njia moja imekufa au kuna hewa ndani: simama, na gari likokotwe. Najua kukokotwa ni gharama, na najua dereva wa teksi ana hesabu ya kupeleka jioni. Bado nasema likokotwe.

Pedeli ikizama hadi chini, usizime injini, maana utapoteza msaada wa usukani na usukani wenyewe unaweza kujifunga. Usiweke nyutro. Kanyaga na kuachia pedeli haraka haraka, mara nyingi msukumo kidogo hurudi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Kwa gari la otomatiki sogeza kwenye 2 kisha L, au B kama ipo. Washa taa za hatari, piga honi mfululizo. Hendibreki ya mkono ivute polepole huku kidole kikiwa kimebonyeza kitufe chake muda wote, ili gurudumu la nyuma likianza kuteleza uweze kuilegeza papo hapo. Ile ya mguu ikanyage kwa hatua ndogo ndogo. Ya kitufe cha umeme ishikilie bila kuachia, gari litajisimamisha lenyewe. Tafuta mwinuko, mchanga, majani marefu. Ukingo wa udongo ukisuguliwa ubavuni ni bora kuliko daladala lililosimama mbele.

Ukifika gereji, mwambie fundi afungue magurudumu yote manne mbele yako kabla hajagusa chupa yoyote. Pedi zenye milimita 3 au pungufu zibadilishwe, na zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia. Soma mfuniko wa kikopo: umeandikwa aina ya mafuta yanayotakiwa. Nunua chupa ambayo lakiri yake haijafunguliwa, kwa sababu ile iliyokaa wazi rafuni miezi mitatu imeshakunywa hewa ya duka. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine. Oili ya injini au ya usukani isikaribie kabisa. Kiasi kidogo tu huvimbisha sili zote za mpira, na kuanzia hapo dawa ni kubadilisha masta silinda, silinda za magurudumu na mipira. Mafuta ya zamani yatolewe kwa kila gurudumu mpaka yatoke safi bila mapovu, na kikopo kisiachwe kikauke kazi ikiendelea, kwani hewa itaingia na kazi itaanza upya.

Gari likishashushwa kwenye jeki, kanyaga pedeli mara kadhaa injini ikiwa imezimwa hadi iwe ngumu. Kisha ishikilie chini na uwashe injini: ikizama kidogo tu na kusimama, buta inafanya kazi. Ikiendelea kuzama taratibu chini ya mguu wako, masta silinda inapitisha kwa ndani au bado kuna mahali panavuja, na gari lirudi juu ya jeki kabla halijatoka getini.